Gita kwa Mkono wa Kushoto

Aibu yangu niliichaji mwenyewe, kwa umeme wangu, na walioileta walinilipa. Nilikuwa na banda la kuchaji simu na kuuza vocha pale Kibiti, hatua chache kutoka barabara kuu. Baada ya harusi ya binti yangu, kila simu ya maana iliyolala juu ya meza yangu ilikuwa na video yangu tumboni. Wenyewe wakija kuzichukua huuma midomo kuzuia kicheko. Wengine hawakujisumbua kuuma. Mimi nawakabidhi simu zao kwa mkono wa kulia, tena nimeunyoosha huo mkono kama askari wa gwaride, nao wakiona ninavyounyoosha ndiyo wanazidi kucheka.

Lakini nianzie kwenye gita, maana bila gita hakuna video.

Ilikuwa miaka ile makampuni ya simu yalipokuwa yakigombania kuta zetu. Soko huria limeshatukolea, kila wiki kampuni mpya, na vijana wanakuja na ndoo za rangi wanakuomba wakupakie nyumba bure. Banda langu lilikuwa upande mmoja jekundu na upande mwingine bluu, kwa sababu kampuni mbili ziliomba na mimi sijui kusema hapana. Mitumba nayo ilikuwa haina mwisho. Siku ya mnada unakuta viatu vya theluji, mashine za kutengenezea vitu ambavyo hata muuzaji hajui ni vitu gani, midoli isiyo na macho. Chini ya rundo la masufuria ndipo nilipoliona gita. Lilikuwa na mkwaruzo mrefu tumboni lakini nyuzi zake zote sita zilikuwepo. Nikalinunua, nikalifunga kanga mbili, nikapita nalo njia ya nyuma ya nyumba za watu. Jirani akaniuliza, "Umebeba nini, mwenzangu?" Nikamjibu nimebeba mtoto wa mtu. Sijui kwa nini nilisema vile, na jirani naye hakuniuliza tena.

Nilipenda gita tangu usichana. Nikilisikia redioni naacha kutwanga. Lakini lilikuwa kitu cha wanaume wa Dar es Salaam, na mimi nilikuwa nani? Mwanamke aliyeachwa, mama wa binti mkubwa, ninaitikia tu kwenye kikundi chetu cha taarabu cha akina mama. Kikundi kilikuwa kinakodi mpiga gita wa kiume, na siku tatu kwa tano haonekani. Basi nikajiambia nitajifunza kimya kimya, nikishaweza ndipo watu wajue. Nikishindwa, gita litakuwa limekufa na siri yake. Hivyo ndivyo nilivyo mie, heri nife na njaa kuliko mtu anione natafuna.

Simu yangu ilikuwa na ufa katikati ya kioo, lakini ilikuwa inaingia mtandaoni, na mle mtandaoni nikamkuta mwalimu. Alikuwa mwanamuziki hasa, mtu wa kupiga na bendi kubwa huko kwao, mzungu mwenye upara na kikombe cha chai pembeni. Masomo yake ni bure. Bando tu ndilo si bure, ila mie nauza vocha, nilijikopesha mwenyewe na kujidai mwenyewe. Alikuwa na uso wa upole. Anapiga kitu kimoja polepole, anaangalia kamera, anatabasamu, anakirudia. Sijawahi kuwa na mwalimu aliyerudia kitu bila kunitukana.

Sasa, nilimsikilizaje? Sikumsikiliza. Ukuta wangu na wa jirani ni mmoja, na jirani yangu masikio yake hayana likizo. Nilizima sauti kabisa. Masomo yote ya mwanzo, ya kukaa, ya kushika gita, ya kuweka vidole, niliyasoma kwa macho tu. Baadaye nilipata spika ya sikio iliyofanya kazi upande mmoja, lakini wakati huo mambo ya mwanzo yalikwishapita, na Kiingereza chenyewe nilikiacha darasa la saba. Naona haya kusema kwamba nilijifunza muziki kwa kuzima sauti, ila ndivyo ilivyokuwa.

Wala kujifunza kwa macho hakukuwa kugeni kwangu. Ukili nilifundishwa na bibi yangu kule kijijini Mtunda, nikiwa mtoto, na ukili haufundishwi kwa maneno. Ni ule mkanda mwembamba wa miyaa unaosukwa mrefu, kisha unashonwa kuwa mkeka. Bibi alinikalisha mbele yake, magoti yetu yanagusana, akasema, "Mkono wangu ukienda mlangoni, na wako uende mlangoni. Ukienda uani, na wako uende uani." Basi. Mwaa wake unapita huku, wangu unapita huku huku. Kwetu kila msichana amefundishwa hivyo, ana kwa ana, na mikeka yetu haina kasoro. Ukili haujali umeusuka kwa mkono upi.

Nikaiegemeza simu kwenye debe la mchele, nikakaa mbele ya mwalimu wangu kama nilivyokaa mbele ya bibi. Shingo ya gita lake ilielekea mlangoni, nami nikaielekeza yangu mlangoni. Mkono wake uliokuwa upande wa mlango ulibana nyuzi, nami nikabana kwa mkono wa upande wa mlango. Uliokuwa upande wa uani ulikwangua, nami nikakwangua kwa ule wa upande wa uani. Jambo moja tu lilinitatiza. Uzi wake mnene ulikuwa juu, karibu na kidevu, na wangu ulikuwa chini, karibu na paja. Nikatazama, nikacheka. Nikasema hawa wa mitumba hawajui kitu, wamefunga nyuzi kinyume. Nikazifungua zote sita, nikazipanga upya moja moja. Uzi mnene haukuenea kwenye mfereji wa uzi mwembamba, ukakaa juu juu kama mama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea, nikauchonga ule mfereji kwa tupa ya kunolea panga mpaka ukaenea. Siku ile nilijiona fundi. Nilitamani nipate mtu wa kumsimulia.

Vidole viliniuma mpaka nikawa nashika jiwe la baridi la mtungini ili vipoe. Kisha vikaota sugu, na sugu ndizo zilizonichongea. Tulikuwa tunakula wali wa moto, mimi na binti yangu, sinia moja. Yeye anapuliza, mie nachota tu kama nachota mchanga.

"Mama," akasema, "vidole vyako haviungui?"

"Viungue kwa nini?"

Akanishika mkono wa kulia, akazipapasa ncha za vidole. Akanyanyua macho kwenye kabati, palipochungulia kichwa cha gita chini ya kanga. Sikujua kuwa kinachungulia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka wali ukampalia. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini aliposhusha pumzi akasema, "Mama, mficha uchi hazai. Nipigie n'sikie." Nikampigia ule wimbo mmoja niliokuwa naujua mwanzo mpaka mwisho, wa taratibu, wa sauti nne. Hakucheka tena. Alikaa vile vile, na tonge mkononi, mpaka nikamaliza.

"Nataka unipigie siku yangu," akasema.

"N'kupigie nini, kofi?"

"Gita, mama. Harusini."

Siku yake haikuwa mbali. Alikuwa ameposwa na kijana wa Mbwera, kule visiwani, watu wa samaki na mpunga. Kijana mwenyewe hakuwa na neno, ila alikuwa na mama. Na binti yangu alikuwa anakwenda kuishi nyumba moja na mama huyo, kisiwa ambacho ukikosana na mtu huna pa kwenda ila majini.

Mama mkwe huyo alifundisha madrasa ya watoto wa kike. Alikuwa mrefu, mkimya, anakula bila punje kudondoka. Walipokuja kwa maneno ya posa alikaa kwenye mkeka wangu muda wote, mkono wa kushoto umefichwa ndani ya kanga, hautoki hata kwa kujikuna. Nikasema moyoni, hii ndiyo adabu ya watu wa visiwani, sisi wa barabarani tumeshaharibika. Akaniuliza, "Nasikia huku kwenu kuna muziki?" Nikamjibu, "Wa redioni tu, mkwe." Gita lilikuwa juu ya kabati, juu ya kichwa chake kabisa.

Binti yangu alikuwa ameshapewa habari na mchumba wake. Kwao, siku ya shughuli ya akina mama, watu wote hutazama kama mama wa bwana harusi atasimama kumtunza kwa noti mama wa bi harusi. Akisimama, akacheza, akamtunza mbele za watu, basi mtoto amepokelewa, ni wake. Asiposimama, mtoto ataishi mle ndani kama mgeni asiyeaga. Mwanamke mmoja aliyeolewa kwenye ukoo ule alikuwa hajatunziwa mama yake, na yasemekana mpaka leo hajui chumvi inawekwa wapi.

"Sasa mwanamke huyo wataka nimpigie gita?" nikamwambia binti yangu. "Mwalimu wa madrasa?"

"Ukipiga vile ulivyonipigia mie, atasimama," akasema. Aliniamini. Jambo hilo bado linaniuma, alivyoniamini.

Shughuli ilikuwa alasiri, uani kwetu, chini ya turubai, wanawake watupu. Watu wa Mbwera walivuka kwa boti mpaka Nyamisati na kupanda gari mpaka Kibiti, wakakaa upande mmoja na kanga zao sare. Kikundi chetu kikaimba nyimbo mbili. Kisha nikaingia ndani, nikatoka na gita. Nilisikia minong'ono ikitembea kwenye mikeka. Nikadhani wanashangaa mwanamke na gita. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikaanza.

Nilipiga vizuri. Sijisifu, nasema kilichotokea. Siku ile vidole vilinitii, na wenzangu wakaitikia kwa chini, na binti yangu juu ya mkeka wake wa bi harusi akainua shela kidogo kunitazama. Mnong'ono ukafa. Nikiwa katikati ya wimbo nikamwona mama mkwe anasimama.

Vigelegele vilipigwa mpaka nikakosa kusikia ninachopiga. Alikuja akicheza polepole, mabega tu, noti mkononi. Binti yangu alikuwa analia. Mwalimu wangu wa upara alikuwa amesisitiza jambo moja katika kila somo kwa kidole chake: ule mkono unaobana nyuzi usiunyanyue mpaka sauti iishe. Nikashikilia. Mama mkwe akanifikia, akaninyooshea ile noti. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umebana nyuzi, na wa kushoto ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza kukwangua, uko huru hewani.

Nikaunyoosha wa kushoto.

Vigelegele vilikatika kama umeme. Mtoto mdogo kwetu, kabla hajajua kutamka jina lake, anajua kuwa mkono ule haupokei kitu cha mtu. Mkono ule una kazi zake, na kazi hizo hazifanywi mbele ya watu. Na mimi, mtu mzima, niliunyoosha kwa mama mkwe wa mwanangu, mwalimu wa madrasa, mbele ya ukoo wake wote. Alikaza macho kwenye kiganja changu. Noti ikasimama hewani kati yetu. Kisha akairudisha, akaikunja, akaitia kifuani, akageuka, akarudi kukaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya kanga, umejikunja ngumi, nauona unavyotetemeka. Nikajua ni hasira.

Sikumaliza wimbo. Binti yangu alishusha shela. Jioni walimchukua, na aliponiinamia kuniaga alinibana tu mkono, ule ule wa kulia wenye sugu.

Nani aliyerekodi sijui. Siku ya tatu baada ya harusi video ilikuwa imeshafika bandani kwangu kabla yangu. Mteja mmoja alinionesha kwa kunihurumia, na hapo ndipo nilipojiona mara ya kwanza kama watu wanavyoniona. Niliitazama mara mbili, kisha nikachukua simu yangu mwenyewe nikamfungua mwalimu. Nikaziweka simu mbili sambamba mezani. Shingo ya gita lake ilielekea huku, yangu ilielekea kule. Nikafungulia sauti kwenye somo la kwanza, lile la kushika gita, sauti yote, jirani asikie asisikie. Mwalimu wangu mpole alikuwa anasema maneno mawili, anayarudia, anayarudia. Lefti, mkono wa kubana. Raiti, mkono wa kukwangua. Maneno ya mchakamchaka, tuliyokimbizwa nayo shuleni kila asubuhi. Katika Kiingereza chote nilichosahau, hayo mawili nilikuwa nayajua. Laiti ningemsikia.

Nilifunga banda mchana kweupe, nikaingia ndani, nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia bibi yangu aliyekwisha kufa na magoti yake, nikamkasirikia mzungu wa watu na upara wake. Nilipochoka nikarudi kwangu mwenyewe, kwenye ile sauti niliyoizima kwa kuogopa jirani. Nilikimbia aibu ya ukuta mmoja nikaipata ya wilaya nzima.

Binti yangu alikuwa akipiga simu kutoka Mbwera, mtandao unakatika maneno. Anasema hajambo. Nikimuuliza, "Na mama mkwe wako?" anasema hajambo naye.

"Anakuitaje?" nikamuuliza siku moja.

Ilibidi nirudie swali. Nikadhani mtandao. "Ananiita bi harusi," akasema.

Miezi ilikuwa imeshapita tangu harusi. Bi harusi! Hakumtukana wala hakumnyima chakula. Alimwacha tu asimame kizingitini, na aliyemsimamisha pale ni mimi.

Basi nikazifungua zile nyuzi sita, nikazirudisha kama nilivyozikuta mnadani. Nikasema nitajifunza upya kwa mkono unaotakiwa, ili siku moja nikapige Mbwera, nipokee kwa kulia, mambo yaishe. Nilikaa kwa mwalimu yule yule, sauti juu. Vidole vyangu vya kushoto vilikuwa kama vya mtu mwingine. Nilijaribu masika yote na kipupwe chote. Mkono uliojua ulikuwa umejua, na usiojua ukagoma. Mwishowe nikalitupia kanga, nikalirudisha juu ya kabati.

Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwa mama. Binti yangu akaja na tumbo lake, akajifungulia hospitali ya Mchukwi salama, mtoto wa kiume. Na siku ya arobaini mama mkwe akavuka maji, akaja na mchele mpya na kikapu cha uduvi. Nilikuwa sijaonana naye tangu siku ile. Nilimpokea mizigo kwa mikono miwili, nikampa maji kwa mikono miwili, nikamwandalia chakula kwa mikono miwili. Nilikuwa naogopa hata kujipangusa jasho.

Wageni wakatoka, binti yangu akaenda kumwogesha mtoto. Tukabaki wawili chumbani, mimi na yeye, na feni inalalamika. Akanyanyua macho juu ya kabati.

"Lishushe," akasema.

Nikalishusha, nimeona sasa kumekucha. Akalitoa kanga, akalitazama, akapuliza vumbi.

"N'pigie, mkwe."

"Siwezi, mkwe wangu. Nimezigeuza nyuzi. Zimekuwa za mkono wa kulia, na mkono wa kulia umenishinda."

"Ulizigeuza kwa nini?"

Nikamwambia, "Kwa lile nililokutenda. Nisamehe, mkwe wangu. Nimekuaibisha mbele ya watu wako, na mtoto akalipa yeye."

Akautoa mkono wake wa kushoto kwenye kanga, polepole, akauweka juu ya paja kama kitu alichonunua sasa hivi. Ulikuwa mkono wa kawaida. Kwenye kifundo kulikuwa na mstari mwembamba uliofifia, mtu asipooneshwa hauoni.

"Mie ni mashoto," akasema. "Nimezaliwa hivi. Baba aliufunga huu mkono kiunoni kwa kamba, nikiwa sijatimiza umri wa kwenda chuoni, mpaka siku nilipoandika alifu kwa kulia. Kamba ilikata nyama. Mume wangu amekufa hajui. Mwanangu hajui. Nafundisha watoto wa watu alifu kwa mkono ambao si wangu." Akavuta pumzi. "Siku ile nikaona mwanamke mzima, mbele ya watu wa Mbwera na Kibiti, anapiga gita kwa kushoto kama mtu anakula wali. Nikasema huyu ningemtunza hata kama isingekuwa desturi. Nikaja. Ukaninyooshea ule ule. Basi na wangu ukaamka! Ulitaka kutoka ndani ya kanga ukupe wenyewe. Nikauona unatoka. Nikaogopa, mkwe. Nikakimbia na noti yangu."

Feni iliendelea kulalamika.

"Na mtoto wako," akasema, "kila nikimtazama nauona mkono wako, na mie nakumbuka nilivyokimbia. Nikaona haya hata kumwita mwanangu." Kisha akaniangalia usoni, uso wa mtu aliyepata ndugu. "Wewe hawakukufunga?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningemwambia, mkwe wangu, mimi si mashoto, mie ni mwoga wa jirani, nilizima sauti nikajifunza kinyume. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikautazama ule mstari kwenye kifundo chake.

"Hapana," nikasema. "Hawakunifunga." Na kweli hawakunifunga.

"Mshukuru Mungu," akasema.

Nikazifungua nyuzi kwa mara ya tatu. Tulizipanga pamoja, tumekaa ana kwa ana, magoti yanagusana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mwepesi kuliko yote minne, unakaza na kulegeza kama haukuwahi kufungwa. Nikampigia wimbo ule ule. Nilikosea pawili. Hakutazama uso wangu hata mara moja, alitazama mkono. Nilipomaliza akatoa noti kifuani, sijui kama ni ile au nyingine, akaninyooshea kwa kushoto. Nikaipokea kwa kushoto.

Binti yangu alikuwa mlangoni na mtoto kwenye taulo. Alituona. Mama mkwe hakuuficha mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "nipe mjukuu wangu."

Binti yangu alimtazama, akanitazama mimi, akampa mtoto. Alikwenda uani haraka, na nikasikia anamwaga maji ya kuogea ambayo alikwishayamwaga.

Siku hizi nikienda Mbwera mama mkwe hunikaribisha chumbani kwake, anafunga mlango, ananiwekea kikombe cha chai upande wangu wa kushoto. "Kunywa tu, mkwe," ananiambia, "humu hakuna mtu." Yeye mwenyewe hunywa kwa kulia, amezoea, anasema amechelewa. Mkono wangu wa kushoto unajua gita tu, haujui kikombe. Nakinyanyua kinatetemeka, chai inanimwagikia kanga, naye anatabasamu kwa kudhani nina wasiwasi wa kuonekana. Nikitoka pale binti yangu huniuliza kanga imelowa nini. Nakipeleka kikombe mdomoni kwa mkono ule, uso unaniwaka kwa haya, na nakunywa mpaka kiishe.